Mtoto Akikawia, Baba Naye Apimwe

Nyumba ikikosa mtoto, lawama humwangukia mke. Lakini katika karibu nusu ya ndoa hizo, mume pia ana tatizo. Mwaka wa 1977 huko California, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza dawa ya shambani iitwayo DBCP walipimwa. Wengi walikuwa na mbegu chache za kiume, wengine hawakuwa nazo kabisa. Sigara, pombe nyingi na joto kali pia hudhoofisha mbegu. Baba akinyunyiza dawa, avae glavu na aoge akimaliza. Mbegu mpya huchukua takriban miezi 3 kukomaa, basi vumilianeni. Mwaka ukiisha bila mimba, nendeni hospitalini wawili, mpimwe nyote.