Kinachomtoa Mtoto wa Mpakani Darasani

Usiku na mchana, malori hayakatiki Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda. Hutoka Mombasa na mafuta, ngano na saruji, yakaelekea Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo, na madereva wanaongoja zamu yao mpakani hununua chai, ndizi na maji kwa wachuuzi. Mtu angedhani kwamba mali nyingi namna hiyo ikipita mlangoni, wenyeji nao wangeneemeka. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu wa 2015/16 ulionyesha kinyume: asilimia 69.3 ya wakazi wa kaunti ya Busia walikuwa maskini, karibu mara mbili ya kiwango cha taifa cha asilimia 36.1. Ni Turkana, Mandera na Samburu tu zilizokuwa na hali mbaya zaidi.

Katika wadi kama Burumba, mjini Busia, umaskini huo humfikia mtoto kwa njia za kawaida sana. Mama akikosa biashara siku mbili, pesa za mtihani zimekwenda. Nyanya aliyeachiwa wajukuu baada ya ukimwi kuwachukua wazazi wao hawezi kushona sare tatu kwa mpigo. Kijana wa miaka kumi na mitatu naye hugundua kwamba kubeba mzigo wa mfanyabiashara kwenye njia za panya hadi ng'ambo kunampa pesa leo hii. Akishaizoea pesa hiyo, kumrudisha darasani ni kazi kubwa.

Ni nini hasa kinachomrudisha? Swali hilo limechunguzwa Busia kuliko karibu mahali pengine popote Afrika. Tangu miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi la ICS lilishirikiana na wanauchumi, akiwemo Michael Kremer, kujaribu misaada mbalimbali katika shule za msingi za eneo hili. Kazi hiyo ilichangia Kremer kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Walianza na vitabu. Mwaka 1996, shule 25 zilipewa vitabu vya kiada, na kila mtu alitarajia alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa mtoto anayeongea Kiluhya au Kiteso nyumbani na Kiswahili sokoni, na wengi hawakuweza kuvisoma wakavielewa.

Baadaye ikaja zamu ya minyoo. Katika shule 75 za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ilibainika kwamba watoto tisa kati ya kumi walikuwa na aina fulani ya minyoo: safura, mchango, au kichocho kwa wale wa karibu na Ziwa Victoria. Dawa zilianza kutolewa mwaka 1998, na utoro ukapungua kwa takriban robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa sababu wenzao waliacha kueneza mayai ya minyoo. Wataalamu wengine wamebishana kuhusu ukubwa wa matokeo hayo, lakini mmoja wa wanauchumi hao, Edward Miguel, na wenzake waliendelea kuwafuatilia watoto wale hadi utu uzima. Miaka ishirini baadaye, waliopewa dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa wakipata karibu asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi.

Kisa cha mwaka 2001 kingepaswa kujulikana na kila anayepanga misaada. Baadhi ya shule ziliambiwa kwamba sasa wazazi wachangie gharama ya dawa, shilingi 30 kwa familia katika nyingi, 100 katika nyingine. Hoja ilikuwa ile tunayoisikia kila siku: watu wakichangia, watathamini. Palipobaki bure, wanafunzi 75 kati ya 100 walipata dawa. Palipotozwa, walikuwa 19. Shilingi thelathini, tena kwa nyumba nzima, zilitosha kuwanyima wengi wa watoto dawa.

Sare ilionyesha jambo jingine. ICS iligawa sare kwa watoto wa shule kumi na mbili, wengi wakichaguliwa kwa bahati nasibu. Utoro wa waliopata ulipungua kwa zaidi ya theluthi, na kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Habari njema, ila haikuishia hapo: watafiti waliporudi miaka minane baadaye, hawakuona tofauti yoyote katika darasa ambalo watoto hao walifikia. Shati huchakaa. Mtoto hurefuka, sketi ikambana, na mwaka unaofuata nyumba ni ileile na mahitaji ni yaleyale. Msaada wa mara moja ulimfaa mtoto kwa muda wa shati lenyewe.

Chakula nacho kilijaribiwa. Katika shule za chekechea 25 zilizopikiwa uji wa asubuhi, mahudhurio yalikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko kwa wenzao. Hilo halihitaji maelezo mengi kwa mzazi yeyote.

Pesa peke yake pia haikutosha kila mahali. Mwaka 2001 wasichana wa darasa la sita walianza kushindania tuzo ya miaka miwili kwa asilimia 15 ya juu: shilingi 500 kwa shule na 1,000 kwa familia, zikitolewa hadharani mbele ya wazazi. Upande wa Busia, alama za wasichana zilipanda, na hata walimu wakaanza kufika darasani kwa ukawaida zaidi. Upande wa Teso, ambako ndiko Malaba, radi iliua wanafunzi katika shule moja mwaka huohuo; baadhi ya wazazi waliuhusisha msiba ule na shirika, na shule kadhaa zikajitoa. Wafadhili walikuwa na bajeti nzuri, lakini huko hawakuwa na imani ya watu.

Imani hiyo ndiyo mtaji wa vyama vya akina mama wa mitumba, samaki na mboga katika miji hii miwili. Kila wiki wanachama hutoa kiasi walichokubaliana, mmoja akapokea zamu yake, na Januari zamu nyingi huishia kwenye sare na madaftari. Wanajuana. Wanajua ni nyumba gani mtoto ameacha shule kabla mwalimu mkuu hajaandika ripoti. Serikali yenyewe ilitumia ujuzi wa namna hii ilipoanzisha ruzuku ya mayatima mwaka 2004 kwa kaya 500 za Kwale, Garissa na Nairobi: kamati za wenyeji zilitaja kaya zinazostahili, na majina yakasomwa barazani. Leo ruzuku hiyo, chini ya mpango wa Inua Jamii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na tathmini zimeonyesha kwamba watoto wa kaya hizo huingia sekondari kwa wingi zaidi. Tatizo ni kwamba malipo huchelewa mara kwa mara, na deni la duka halingoji.

Chama hakiwezi kubeba mzigo wa serikali. Rais Mwai Kibaki alipofuta karo za shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na kila shule ikatengewa shilingi 1,020 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Zaidi ya miongo miwili baadaye, mgao wa shule ya msingi umefika shilingi 1,420. Bei ya unga, chaki na karatasi haikungoja kiasi hicho, kwa hiyo shule huziba pengo kwa michango midogo midogo: ya mtihani, ya mlinzi, ya chakula. Kwa ofisi ya Nairobi hivyo ni vijisenti. Kwa nyumba nyingi za Burumba, kila mchango wa namna hiyo una uzito wa zile shilingi thelathini za mwaka 2001, na kuuondoa ni uamuzi wa bajeti ambao wabunge wana uwezo wa kuufanya mwaka huu.