Mbegu ya Avoka, Usiitupe!

Ndugu msomaji, ukimaliza kula avoka, mbegu yake unaipeleka wapi? Wengi wetu tunaitupa kwenye takataka, ao watoto wanaipiga kama mpira mpaka inakauka. Lakini ndani ya mbegu ile kuna mti unaoweza kulisha nyumba yako miaka mingi.

Na sisi wa miji ya migodi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, tuko na haja kubwa ya miti. Pori lililokuwa karibu limekatwa kwa ajili ya makala ya mbabula zetu. Malupango mengi yamebaki wazi: jua juu, vumbi chini. Basi mwezi huu tuangalie namna ya kuotesha avoka, tunda ambalo vitabu vingi vinaliita parachichi.

Mbegu hii haingoji

Mahindi na maharagwe unaweza kuyakausha na kuyaweka mpaka mvula irudi. Avoka si hivyo. Mbegu yake ikikauka, imekufa. Mbegu ya embe nayo ni vile vile. Kwa hiyo, panda ingali mbichi. Fanya hivi:

1. Osha mbegu vizuri, nyama yote ya tunda itoke.
2. Tafuta kopo la zamani la mafuta ao mfuko wa plastiki mgumu. Toboa matundu chini, maji yapate njia ya kutoka.
3. Tia udongo mweusi uliochanganywa na mbolea iliyooza vizuri.
4. Weka mbegu, upande mpana chini, upande wa ncha juu. Acha ncha ionekane kidogo.
5. Weka kopo kivulini. Mwagilia udongo uwe na unyevu, lakini usiwe matope.

Usichoke upesi. Mbegu nyingine inapasuka baada ya majuma mawili ao matatu, nyingine inangoja hata miezi miwili. Mche ukifika urefu wa goti, anza kuuzoesha jua pole pole.

Mvula ya mwezi wa 11 ikisha kushika, uhamishe. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Usipande karibu na ukuta, maana mti huu unakuwa mkubwa: acha metre 8 hivi. Usipande mahali maji yanapokaa, kwa sababu mizizi ya avoka inaoza upesi. Funika udongo na majani makavu, lakini yasiguse shina. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya usiku inaweza kuunguza mti mchanga, basi uufunike. Tena zungusha kizuizi kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi atakula mti, na majani ya avoka ni sumu kwake: utapoteza vyote viwili.

Udongo unatoka wapi?

Hapa, baba na mama, tusikilizane vizuri. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kazi yao hapa Katanga. Walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Walikuta kobalti nyingi sana pamoja na madini mengine, hata kwa watoto. Vumbi na udongo vinaingia mwilini kwa mikono, kwa chakula na kwa pumzi.

Kwa hiyo usichukue udongo wa kupandia kwenye lundo la mabaki ya mgodi, wala mahali wanapooshea mawe ya madini, hata kama ni karibu na rahisi. Watoto wakisha kupanda, wanawe mikono. Tunda nalo lioshwe mbele ya kulipasua. Na ile ardhi wazi ya lupango, uifunike na majani ao mimea, vumbi lipunguke.

Hesabu ya miaka

Kijana ataniuliza: “Pasta, huu muti utazaa siku gani?” Nitamjibu kweli tupu. Mti wa mbegu unaweza kukawia miaka 5, 8, hata kupita 10. Tena matunda yake hayafanani lazima na lile ulilokula. Mama alikuwa mtamu, mtoto anaweza kuwa wa maji maji.

Kuna dawa ya jambo hili: kupandikiza, ndiyo grefe. Mche ukiwa na unene wa kalamu, unaukata, unapasua shina kidogo, unachomeka kitawi cha mti unaojulikana kuzaa vizuri, kisha unafunga na utepe wa plastiki. Ikishika, unaweza kupata matunda baada ya miaka 3 ao 4.

Ona nguvu ya kazi hii. Huko California, Marekani, mpeleka barua mmoja, Rudolph Hass, alipanda mbegu za avoka katika miaka ya 1920. Alitaka kupandikiza juu yake aina nyingine, lakini mche mmoja ulikataa. Aliuacha ukue, na ukazaa matunda ya ajabu. Mwaka 1935 aliandikisha haki yake juu ya mti ule. Mti wenyewe ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Lakini avoka zote za Hass zinazouzwa duniani leo zinatoka kwa ule mti mmoja, kwa njia ya kupandikiza.

Vijana, tazameni hapo. Mwenye kuotesha miche 20 katika makopo na kujua grefe anaweza kuuza miche kwa majirani mbele ya mti wake mwenyewe kuzaa. Hiyo ni kazi ya mikono isiyohitaji kushuka shimoni.

Na wewe mzazi usiseme, “Miaka nane ni mingi.” Miaka nane itapita, upande ao usipande. Mtoto wako wa miaka sita atakuwa wa kumi na nne. Atakuta nini katika lupango: kivuli na matunda, ao vumbi tu? Avoka itakayokuja mezani juma hili, mbegu yake uiweke kando.