Utando Ndani ya Kichupa

Maji ninayotaka kuwasimulia leo, wajukuu zangu, hayatoki Mto Mkondoa wala bombani. Kila mmoja wenu anayo sasa hivi: yanauzunguka ubongo wake na kushuka mgongoni. Kwa mtu mzima hayajazi hata kikombe cha chai, lakini mwili huyatengeneza upya usiku na mchana, kiasi cha nusu lita kwa siku, na yaliyokwisha kazi hurudi kwenye damu. Hospitalini huitwa maji ya uti wa mgongo. Yakiwa salama, ukiyatia kwenye kichupa cha kioo na kushika gazeti nyuma yake, unasoma herufi zote bila taabu.

Sasa tuseme kuna mtoto wa miaka miwili hapa Magomeni. Magomeni yetu ya Kilosa, si ile ya Dar es Salaam yenye mabasi ya mwendokasi. Mtoto ameanza homa ndogondogo za kuja na kuondoka. Hachezi, uji hautaki. Mama anampeleka zahanati, anapimwa malaria, hana. Wiki ya pili anatapika bila kuharisha, analala mchana kutwa, na ukimgusa analia kwa hasira. Jirani mmoja anasema ni meno, mwingine anasema ni minyoo. Wiki ya tatu jicho moja limeanza kuangalia pembeni, shingo imekakamaa, na usiku degedege inampiga. Degedege ikishapiga, wapo wanaokimbilia kwa mganga wa kienyeji kabla ya hospitali, na hizo ni siku nyingine zinazopotea wakati mtoto hana siku za kupoteza.

Mtoto kama huyu huenda ana kifua kikuu, ingawa hakohoi. Bakteria wake waliingia na hewa kutoka kwa mtu mzima anayekohoa, wakatua mapafuni, kisha wakabebwa na damu mpaka kwenye ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo. Hiyo ndiyo homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu. Hupenda zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Tazameni bega lenu la kulia, wengi wenu mna kikovu: ni cha chanjo ya BCG mliyochomwa mlipozaliwa, na kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto na kifua kikuu kikali cha namna hii. Hupunguza sana hatari, ila haiimalizi.

Na ugonjwa wenyewe hauna huruma. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya tafiti za nchi mbalimbali wakazijumlisha: hata kwa watoto waliopewa dawa, karibu mmoja kati ya watano alifariki, na zaidi ya nusu ya waliopona walibaki na dosari ya ubongo, labda mkono usiofanya kazi au masikio yasiyosikia. Kinachoamua zaidi ni mtoto kuanza dawa mapema.

Mtauliza, kwa nini wasipime tu wakamwona huyo mdudu? Daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alimwona tangu 1882! Shida ni kwamba kwenye maji ya uti wa mgongo bakteria hawa huwa wachache mno. Mtaalamu wa maabara anaweza kukaa na hadubini nusu saa asione hata mmoja. Ukiwaotesha maabara, nao ni wavivu, hujigawa mara moja kila baada ya saa 20 hivi, kwa hiyo jibu linakuja baada ya wiki kadhaa. Pale Morogoro mjini, Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna panya buku wa shirika la APOPO waliofundishwa kunusa kifua kikuu, na nawapenda sana panya wale, lakini kazi yao ni kunusa makohozi, na mtoto wetu makohozi hana. Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya bakteria na hutoa jibu chini ya saa mbili. Ikisema wapo, wapo. Ikisema hawapo, daktari mwenye akili haamini moja kwa moja.

Askari wa wanyamapori kule Mikumi akitaka kujua kama simba amepita, hangoji amwone simba. Anainama, anasoma nyayo. Na kwenye maji ya uti wa mgongo nyayo hizo ni protini.

Katika hali ya kawaida, mishipa ya damu ya ubongo imebana sana, haipitishi ovyo protini za damu. Ndiyo maana maji haya yana protini kidogo mno, chini ya nusu gramu kwa lita, wakati damu ina gramu 60 na zaidi. Bakteria wakiingia, askari wa mwili wanawavamia, panavimba, na mishipa inaanza kuvuja. Protini hupanda ikapita gramu moja kwa lita, pengine mbili au tatu. Sukari hushuka. Chembe nyeupe za damu huongezeka.

Kuyapata maji yenyewe ni shughuli. Mtoto hulazwa ubavu, nesi anamkunja magoti yafike tumboni na kumshika vizuri asifurukute, daktari anapitisha sindano nyembamba kati ya pingili za kiunoni. Watu wengi huogopa, husikia kwamba sindano ile inapoozesha. Uti wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu, huishia juu ya pale inapopita sindano, na daktari hapachagui kwa kubahatisha. Maji hutoka tone kwa tone. Kwa mtoto huyu, mara nyingi yataonekana safi tu, au ya njano kwa mbali, tofauti na homa ya uti ya usaha ambayo huyachafua yakawa na ukungu.

Hapa ndipo ninapopapenda. Kiacheni kichupa kimesimama, kisiguswe, kisitikiswe. Baada ya saa kadhaa, wakati mwingine mpaka asubuhi, ndani yake huning'inia kitu chembamba, nyuzi juu ya nyuzi, na katika vitabu vya udaktari huitwa utando wa buibui. Zile nyuzi ni protini iitwayo fibrini, ileile inayogandisha damu ukijikata. Haikupaswa kuwa mle. Imevuja, ikaganda. Na wale bakteria wachache mno hunaswa humo, kwa hiyo mtaalamu mjanja huuopoa utando ule, huutandaza kwenye kioo, huupaka rangi na kuuweka chini ya hadubini. Si kila mgonjwa hutoa utando, na si kila utando ni kifua kikuu. Lakini kuona protini kwa macho yako, bila mashine, si jambo la kila siku.

Wa kwanza kuandika habari za kutoa maji haya mgongoni kwa mgonjwa aliye hai walifanya hivyo 1891. Mmoja ni Walter Essex Wynter wa London, aliyesimulia wagonjwa wanne wenye ugonjwa huuhuu. Wote wanne walifariki, maana dawa haikuwepo. Mwingine ni Heinrich Quincke wa Ujerumani, na njia yake ya sindano ndiyo iliyoenea. Karibu miaka ishirini baadaye, Kálmán Pándy wa Hungaria akatoa kipimo rahisi: dondosha tone la maji yale kwenye mchanganyiko wa fenoli, na protini ikiwa nyingi hutokea wingu jeupe. Maabara nyingi ndogo zimekitumia kipimo hicho kwa vizazi.

Ila wingu la Pándy lina kasoro moja. Linasema tu protini ni nyingi, halisemi ni protini gani, na homa nyingine za uti nazo hupandisha protini. Ndiyo maana watafiti wa leo wanazitafuta moja moja. Huko Cape Town, Afrika Kusini, kina Charles Manyelo na Novel Chegou wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walichapisha mwaka 2019 utafiti wa watoto 47 walioshukiwa kuwa na homa ya uti. 23 kati yao walikuwa na ya kifua kikuu. Walipima protini nyingi, wakakuta nne zikisomwa pamoja zinasema mengi. Moja ni interferoni gama, ambayo chembe za kinga huitoa ili kuamshana. Nyingine ni mieloperoksidesi, silaha ya chembe nyeupe zinazowahi kufika vitani. Kwa nne hizo waliwatambua watoto 20 kati ya wale 23, na kati ya 24 wengine wakakosea kwa mmoja tu.

Msishangilie bado. Watoto 47 ni darasa moja tu la shule zetu, na hesabu iliyotungwa kwa watoto walewale lazima ijaribiwe kwa wengine. Ndoto ya watafiti ni kipimo cha kijiti kama kile cha malaria, cha kuwekwa hata Kilosa.

Kwa sasa, daktari wa wilaya hangoji kijiti. Anajumlisha wiki za homa, shingo, jicho, protini iliyopanda na sukari iliyoshuka, na akishuku vya kutosha anaanza dawa siku hiyohiyo, pamoja na ya kupunguza uvimbe. Kwa kawaida ni miezi 12, ingawa tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu njia ya miezi sita kwa baadhi ya watoto. Halafu anamgeukia mama na kumuuliza nyumbani ni nani anayekohoa zaidi ya wiki mbili, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hakuutoa ugonjwa huu mbali, na huyo anayekohoa naye anatakiwa kuleta makohozi kesho asubuhi.