Mgonjwa Hawezi Kukimbia Moto

Shule ikishika moto watoto hutimua mbio. Hospitali haiko hivyo. Yupo aliyetundikiwa dripu, yupo mama aliyetoka kujifungua, yupo mzee aliyefungwa plasta mguuni. Hawa wanamtegemea mwingine.

Mwezi Mei 2022, hitilafu ya umeme ilizusha moto katika wodi ya watoto wachanga mjini Tivaouane, nchini Senegali. Watoto 11 walikufa. Mwezi Aprili 2021, moto uliozuka kwenye mitungi ya oksijeni uliua watu zaidi ya 80 katika hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, nchini Iraki.

Moto wa namna hii huweza kuzimwa mapema na vinyunyizio vya maji. Kinyunyizio ni kichwa kidogo cha bomba kinachofungwa darini. Ndani yake mna kichupa cha kioo. Joto likifika kiasi cha nyuzi 68 za Sentigredi, kichupa hupasuka na maji humwagika. Wengi hudhani vyote hufunguka pamoja. Sivyo. Hufunguka kile tu kilichopata joto. Lakini tangi likiwa tupu au pampu mbovu, kinyunyizio ni pambo.

Zahanati nyingi ndogo za Kinondoni na Temeke hazina vinyunyizio. Je, tukae tu? Hapana.

Niliwahi kufanya kazi katika zahanati moja huko Temeke. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa nyuma ulifungwa kufuli kwa kuogopa wezi. Siku moja soketi ya jiko la kuchemshia vyombo ilianza kutoa moshi. Tulizima swichi kuu, moto haukuwaka. Lakini ufunguo wa mlango alikuwa nao mlinzi, naye alikwenda kunywa chai! Tangu siku hiyo mlango hufungwa kwa komeo la ndani tu.

Basi tufanye haya:

1. Mlango wa pili ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Vitanda na maboksi visiuzibe.
2. Mtungi wa kuzimia moto uwepo, ukaguliwe, na kila mfanyakazi ajue kuutumia.
3. Usivute sigara wala kuwasha jiko karibu na oksijeni.
4. Moto wa umeme usiumwagie maji. Zima swichi kuu kwanza.
5. Moshi huua upesi. Inama chini unapotoka.
6. Piga simu Zimamoto, namba 114.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua majengo kwa Sheria ya mwaka 2007. Mkaguzi akija, asionekane adui. Anamtetea yule asiyeweza kukimbia.

Maswali ya kujadili darasani:

(a) Zahanati yenu ina milango mingapi inayofunguka?
(b) Ufunguo anao nani usiku?
(c) Moto ukizuka, nani atambeba mgonjwa wa kitanda cha mwisho?