Kikonyo cha Kitunguu Saumu Si Jani

JUNI iliyopita nilipita katika soko la wakulima jimboni Maine, Marekani. Mama mmoja Mkongomani alikuwa akiuza vijiti vya kijani vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga. Kibaoni aliandika: 'Majani ya saumu'. Wasemaji wenzake wa Kiswahili walitazama, wakaenda zao.

"Mwalimu, kitu hii tuiite namna gani?" akaniuliza.

Swali hilo si dogo. Kisichojulikana hakinunuliwi, na msimu wake ni wiki chache tu.

Hebu tuanze na 'saumu'. Saumu ya kufunga imetokana na neno la Kiarabu 'sawm'. Ile ya kitunguu imetokana na 'thum', ndiyo maana wapo wasemao 'kitunguu thomu'. Ni maneno mawili yaliyokutana kimatamshi tu. Kwa hivyo, 'kitunguu' kisidondoshwe.

Pili, kile si jani. Vitunguu saumu vya shina gumu huchomoza kijiti cha ua. Mkulima hukikata ili nguvu ya mmea iende kwenye kitunguu ardhini. Badala ya kukitupa, hukiuza. Kiswahili kina jina la kijiti kinachoshika ua au tunda: kikonyo.

Tatu, vikonyo vikifungwa pamoja ni kicha. Fungu tuwaachie wauza nyanya.

Basi Mama akaandika upya: 'Vikonyo vya kitunguu saumu. Kaanga kama mboga.' Kabla sijaondoka, vicha viwili vilikuwa vimenunuliwa. Kimoja, nakiri, nilikinunua mimi.