Kujua Maneno Si Kujua Lugha

Wako watu wengi wanaodhani kwamba mtu akiisha kukariri maneno elfu moja ya lugha ngeni, basi ameijua. Lakini maneno ni kama matofali: wingi wake peke yake haufanyi nyumba. Kila lugha ina misemo yake ya kila siku, ambayo maana yake haipatikani kwa kulipima neno moja moja.

Jambo hili huonekana wazi katika Bonde la Lambwe, karibu na Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Vijiji vya huko vimeizunguka hifadhi ya wanyama ya Ruma, iliyotengwa mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Kijaluo ndiyo lugha ya nyumbani na sokoni. Upande wa vilima vya Gwassi wako Wasuba, ambao wengi wao sasa husema Kijaluo. Naye mgeni aletwaye na kazi, awe karani, mwalimu au tabibu, huja na Kiswahili chake.

Mgeni huyo hupata somo la kwanza asubuhi. Jirani humwamkia kwa kusema, "Oyawore." Asili ya neno hilo ni kufungua, kana kwamba husemwa, "Pamefunguka." Mswahili hasemi hivyo, bali naye husema, "Pamekucha." Mgeni akishika "habari za asubuhi" na kuigeuza neno kwa neno, huenda akatunga sentensi isiyo na kosa la sarufi, lakini jirani asijue kwamba amesalimiwa.

Hata hivyo lugha hizi mbili, zisizo za ukoo mmoja, hukutana mahali pengi. Mswahili hupiga gumzo, hupiga magoti, hupiga simu. Mjaluo naye husema "goyo mbaka", "goyo chong" na "goyo simo". Na "goyo" ni kupiga. Njaa ya Mswahili humwuma, na ya Mjaluo vivyo hivyo: "Kech kaya," asema, yaani njaa yaniuma. Mwanafunzi akiona hayo hufurahi, akadhani njia yote ni nyororo. Hapo ndipo anapojikwaa.

Tuseme mkulima amekwenda zahanati, na tabibu ni mtu wa pwani. Mkulima amesema, "Wiya bara." Mfasiri asiye makini atasema, "Kichwa chake chapasuka," na tabibu atatafuta jeraha, kumbe mgonjwa ameeleza tu kwamba kichwa chamwuma. Mkulima akisema, "Wiya owil," ni kana kwamba kichwa chake kimegeuka; mfasiri akiyaleta hivyo, mtu ataandikwa kuwa amerukwa na akili, na yeye alisema tu kwamba amesahau.

Kosa laweza kutoka upande wa pili pia. Tabibu atauliza, "Unapata choo?" Mkulima aliyejifunza Kiswahili kwa neno moja moja atajibu kwa adabu, "Ndiyo, bwana, nimechimba kipya mwaka huu." Watu watacheka, lakini tabibu bado hajajua hali ya tumbo la mgonjwa wake.

Katika Lambwe si mambo ya kuchekesha tu. Katika karne ya 20 bonde hili lilijulikana sana kwa malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, nao usipotibiwa huua. Dalili zake za mwanzo ni homa, maumivu ya kichwa na ya viungo. Baadaye mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, na akili yake huchafuka. Basi mtu akisema, "Nindo otera," yaani usingizi umenichukua, yafaa aulizwe: wakati gani? Usiku ni jambo la kawaida. Mchana kila siku ni habari nyingine. Vivyo hivyo "wiya owil" ya mtu aliyesahau jembe si sawa na ya mtu aliyesahau jina la mwanawe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Lakini ulinzi haukuachwa, na ulinzi huanza kwa kumsikia mgonjwa na kumwelewa.

Mwenye kutaka kujifunza na afuate njia hii. Awe na daftari, aandike humo msemo mzima, si neno moja. Na kando yake aandike ulisemwa wapi, na nani, na kwa ajili gani. Kisha autumie mbele ya wenyeji na kukubali kusahihishwa, hata na mtoto. Apendelee kukaa na wazee, kwa kuwa misemo mingi imo vinywani mwao wala haimo vitabuni. Na afasiripo asifasiri maneno, bali ajiulize: mtu wa lugha ile angesemaje kama angekuwa na haja hii?

Kuuliza si ujinga. Mjinga ni yule aliyesikia "kichwa chapasuka", akaenda kutafuta bendeji.