Safari ya Pwani Hadi Rasi ya Tumaini Jema

Mjini Cape Town, nchini Afrika Kusini, iko barabara ya pwani isiyofaa kupitwa kwa haraka. Kutoka Hout Bay hadi Noordhoek ni kilomita 9 tu, lakini ina kona 114. Ilichongwa ubavuni mwa mlima ikafunguliwa mwaka 1922: jabali upande mmoja, bahari upande wa pili.

Kutoka hapo, njia ya kusini humfikisha msafiri Rasi ya Tumaini Jema. Bartolomeu Dias aliizunguka mwaka 1488. Miaka kumi baadaye Vasco da Gama, aliyepita njia hiyo hiyo, alitia nanga Malindi. Msafiri na afunge vioo vya gari, kwani nyani wa huko hunyang'anya chakula bila haya.

Marejeo ni kupitia Simon's Town. Katika ufuko wa Boulders wanaishi pengwini, ndege wasioruka, walioanza makazi hayo mwaka 1982 wakiwa jozi mbili tu. Msomaji asidanganywe na wingi wao hapo. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka, na sababu mojawapo ni uhaba wa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, ambao ndio chakula chao. Basi mwenye nia ya kuwaonyesha wanawe ndege hawa asichelewe. Na awatazame kutoka njia za mbao, asiwaguse wala kuwalisha.